Paa la Kumrudisha Mama

Ijumaa, 27 Machi

Shule imefungwa. Nimekuwa wa nne darasani. Nilipanga kumwambia Mama kwa simu, ila yeye alipiga akiwa na habari kubwa kuliko yangu.

Anakuja Pasaka! Nilirukaruka palepale jikoni hadi nikagonga chungu. Kisha Bibi, ambaye huweka simu kwenye laudspika na kuishika mbali kama kaa la moto, akamuuliza atakaa siku ngapi. Mama akasema atafika Jumamosi, ataondoka Jumatatu, na safari hii anachukua cherehani.

Anachukua cherehani.

Nimeandika mara mbili ili niamini. Ile ya kukanyaga, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika upande anaowekea mkono. Imekaa kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa nyumba ya Bibi hapa Kihesa tangu kabla sijazaliwa. Januari mvua ilipenya kwenye bati ikachora kutu juu ya sare kumi na nane za kwaya. Wiki iliyofuata Mama akaenda Mbeya kushonea kwa mdogo wake, Mama mdogo Prisca, "mpaka paa likae sawa". Hayo ndiyo maneno yake. Niliyaandika siku ileile, ukurasa wa kwanza wa daftari hili.

Mtu akiacha kitu chake, atarudi. Akija kukichukua, basi. Baba alikwenda Chunya kutafuta dhahabu nikiwa darasa la pili. Alichukua vitu vyake vyote, hata kiberiti. Bado anatafuta.

Kwa hiyo jambo liko wazi kabisa. Nina siku nane. Paa likae sawa, cherehani ibaki, na Mama abaki nayo.

Jumamosi, 28 Machi

Mpango uko tayari. Bati halifai. Bati linataka misumari, na penye msumari ndipo panapovuja. Nitaezeka kwa faiba, ile wanayotengenezea bampa za magari. Nimesoma yote kwenye kompyuta ya maktaba. Unatandika mkeka wa nyuzi za kioo, unaulowesha kwa rezini iliyochanganywa na hadena, ile dawa ya kuigandisha, inakauka, inakuwa kitu kimoja kigumu kama bakuli lililofunikwa. Hakuna tundu. Inadumu miaka ishirini. Nitakuwa na miaka thelathini na sita. Mama atakuwa bado anashona hapo chini.

Ukurasa ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza: namna ya kutandika. Nimeinakili yote. Ya pili, ndefu zaidi, ilihusu kurekebisha matatizo. Sikuinakili. Sikusudii kuwa na matatizo.

Mchana nilikwenda gereji kwa Mzee Kalinga, fundi wa bampa. Kwa kuwa ulimi wangu hunifia mbele za watu, nilikuwa nimeandika hotuba. Niliisoma yote nikiwa nimesimama kati ya matairi mawili. Mzee Kalinga alisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono, akauliza kama huo ni waraka wa askofu. Nikasema hapana, ni paa. Akacheka. Akasema, binti yangu, mimi natengeneza bampa; bampa ikivuja nani atajua?

Lakini mwaka jana nilimwandikia kibao cha gereji kwa herufi nzuri, na hilo hajalisahau. Amenipa mabaki: mkeka wa faiba nusu roli, dumu la rezini la lita tano, chupa ya hadena, brashi iliyochoka.

Wakati naondoka, sauti ikatoka chini ya gari: kifuniko kimoja cha hadena kwa lita moja, usizidishe, na usifanye kukiwa na baridi. Ni Philbert, mpwa wake, ambaye tunasoma naye kidato cha tatu. Sikujibu. Ilionekana miguu tu. Sijui kuzungumza na miguu.

Jumapili, 29 Machi

Matawi. Nilisali misa ya kwanza ili nipate muda.

Faiba inahitaji kutandikwa juu ya mbao bapa. Shuleni kuna mbao nne za darasa, zile za kuandikia kwa chaki, zilizotupwa nyuma ya stoo. Mwalimu Clement, mtunza stoo, amesema nichukue zote, hata kuni hazifai. Nilizibeba kichwani mojamoja. Safari ya tatu nilikutana na maandamano ya misa ya pili. Nikasimama pembeni na ubao wangu kwa heshima. Akina mama watatu wakaupungia matawi.

Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nahesabu siku. Sita.

Jumatatu, 30 Machi

Kazi imeanza. Nimeng'oa bati la zamani. Bibi alishika ngazi kwa mkono mmoja na rozari kwa mwingine. Aliniuliza mara moja tu kama najua ninachofanya. Nikamwonyesha kurasa nilizonakili. Bibi hajui kusoma lakini aliniambia mwandiko ni mzuri.

Kabla ya kupandisha ubao mmoja wa kati nilifanya jambo ambalo hata Bibi hajui. Upande utakaoangalia chini, palepale juu ya cherehani, ambapo Mama huinua macho akitunga uzi kwenye sindano, nimeandika kwa chaki maneno matatu. Sitayaandika hapa. Ni mambo ambayo siwezi kuyasema kwa mdomo, na kwa simu ndiyo kabisa, Bibi akiwa na laudspika yake.

Kisha nikapigilia mbao zote nne na kuzifuta upande wa juu kwa kitambaa chenye maji, kuondoa vumbi la chaki. Mimi ni kiranja wa usafi kwa mwaka wa pili. Hakuna anayefuta ubao kunishinda. Nikapima pia kwa chupa ya maji: mbao zimelala sawasawa kabisa, hakuna upande ulioinama hata kidogo. Nimejivunia hilo.

Saa kumi jioni nikachanganya lita moja, hadena kifuniko kimoja, nikatandika ukanda wa kwanza. Ukungu ulikuwa umeshaanza kushuka. Nikakaa kwenye ngazi na shali ya Mama, nikasubiri ikauke.

Saa kumi na mbili: bado mbichi. Saa moja: bado mbichi, na jogoo wa Bibi amepita. Ameacha nyayo saba na nyoya moja. Nimefunika kwa turubai.

Jumanne, 31 Machi

Rezini ya jana inanata kama asali. Nyoya bado lipo.

Nimefikiri kisayansi. Baridi inachelewesha. Hadena inaharakisha. Kwa hiyo baridi ikizidi, hadena izidi. Philbert anajua bampa, lakini hajui fizikia. Alipata thelathini na nane. Nikatia vifuniko vitatu.

Nilikoroga. Nikapanda ngazi. Nilipofika kipandio cha nne ndoo ilikuwa ya moto. Nilipofika juu ilikuwa inatoa moshi. Nikashuka nayo haraka, nikaiweka chini, nikakimbia, nikarudi, nikaimwagia maji, nikakimbia tena. Jirani akauliza kwa juu ya ua kama tunachoma nguruwe.

Ilipopoa nilikuta jiwe. Jiwe zuri sana, la rangi ya chai, lenye umbo la ndoo, na brashi imesimama katikati kama mlingoti wa bendera. Ndoo yenyewe ilikuwa ya Bibi ya kulowekea ulezi. Nimemwambia nimeiazima kwa muda mrefu.

Mama alipiga jioni. Sikumwambia lolote kuhusu paa. Nilisikia nyuma yake redio ya Mama mdogo Prisca, na mtu akicheka, na Mama akacheka naye kidogo kabla ya kurudi kwenye simu. Mama mdogo Prisca ana vigae sebuleni. Anavitaja kila mara. Vigae havivuji, sawa, lakini viko chini! Hata bati bovu lina kazi kuliko kigae.

Jumatano, 1 Aprili

Jua! Tangu saa tatu asubuhi. Nilikwangua ya juzi, nikachanganya upya, kifuniko kimoja kwa kila lita, na kutandika mbao zote nne kwa kitambaa badala ya brashi. Mkeka ulilowa vizuri, ukawa kama maji. Saa saba mchana nilisimama kwenye ngazi nikaliangalia. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Lilikuwa linang'aa. Nilimwona Mama chini yake kabisa, kalamu ya chaki nyuma ya sikio, pini mdomoni, ananikemea kwa macho kwa sababu mdomo umejaa pini.

Lilikuwa bado linanata kidogo. Jua lingemaliza kazi. Nikaenda bombani kunawa, na njiani nikapitia maktaba kunakili ile sehemu ya pili, kwa elimu tu. Maktaba imefungwa mpaka baada ya Pasaka.

Nikiwa narudi nikakutana na Philbert. Akaniambia, Kiranja, kimbia, bibi yako anaanika ulezi juu ya paa lako. Leo ni siku ya wajinga duniani kote. Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka mbele yake na nilijisikia vizuri, nikatembea polepole ili nionekane sijali. Akasema tena kwamba hatanii. Nikacheka zaidi.

Hakuwa anatania.

Kibanda ni kifupi. Bibi akigeuza kinu na kusimama juu yake anafika. Alikuwa ameloweka ulezi, ukachipua kwenye gunia siku kadhaa, na leo ilikuwa siku ya kuuanika upate kuwa kimea cha togwa. Akaona pahali bapa, pasafi, penye jua, pasipo kuku. Akamwaga debe nusu na kulisambaza vizuri kwa kiganja. Nilipofika alinishika mikono akanishukuru. Akasema tangu aolewe hakuna mtu aliyewahi kumjengea kichanja kama hiki.

Kila punje imeshika. Tulijaribu kubandua kwa kijiko, kwa kisu, kwa kucha. Bibi alifanikiwa punje kumi na moja. Kisha akakaa juu ya kinu, punje kumi na moja kiganjani. Hakunigombeza. Alisema tu, sasa mwanangu atakunywa nini akija? Togwa ni ya Mama. Ulezi wake aliuloweka tangu siku ile ya simu.

Sikuwa nimefikiria kwamba Bibi naye anasubiri mtu.

Alhamisi, 2 Aprili

Paa limekauka na limekuwa gumu. Lakini limevimba! Malengelenge tisa, mengine makubwa kama chapati. Ukiyagonga yanatoa sauti ya ngoma.

Philbert alikuja bila kuitwa, na msasa na kisu na rola ndogo. Aligonga malengelenge yote kwa kidole, akanusa, akauliza nilifuta mbao kwa nini. Nikasema kwa kitambaa chenye maji, kama inavyotakiwa. Kisha akasema, Kiranja, Kiranja! Unyevu ukifungiwa chini ya rezini halafu jua likawaka, utapumulia wapi?

Amenifundisha. Unapasua lengelenge msalaba, unafunua, unaacha jua likaushe ubao, unasugua kwa msasa, unaweka kiraka kinachozidi jeraha kwa vidole vinne kila upande, kisha unakisukuma kwa rola kutoka katikati mpaka hewa yote itoke. Tulifanya tisa. Nilitaka kumwambia kwamba anaeleza vizuri kuliko mwalimu wa fizikia. Nikasema, "Hewa imetoka." Ndiyo sentensi pekee niliyosema kabla ya saa sita.

Kuhusu ulezi alisema tuuache. Kwenye ngazi za watu mjomba wake humwaga mchanga juu ya rezini makusudi, mtu asiteleze. Akasema, hongera, una paa lisiloteleza, jogoo wenu atakuombea.

Baadaye aliingia kibandani kuangalia kama rezini imechuruzika ndani. Alikaa huko zaidi ya ilivyohitajika. Nikakumbuka yale maneno. Nilitaka ardhi inimeze, mimi na ngazi. Alipotoka hakucheka. Alikusanya vifaa vyake akasema, nitapita tena, Veneranda. Hajawahi kuniita kwa jina.

Ninawashwa mikono, shingo, na sehemu nisizozijua majina. Ni nyuzi za kioo. Ukurasa ulisema nivae glovu.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Nilijikuna wakati wote wa ibada ya Mateso. Bibi alinifinya mara mbili. Mama mmoja nyuma yangu alidhani nalia, akanipa leso. Ni kweli pia nilikuwa nalia kidogo. Kesho anakuja.

Saa kumi na moja jioni mvua ikanyesha, mvua ya kweli, ya Aprili. Nikaingia kibandani na tochi nikasimama karibu na cherehani. Nikasubiri. Hakuna tone! Maneno yangu ya chaki yako palepale. Nikamwita Bibi. Tukasimama sote wawili humo ndani, wakavu kabisa, tukisikiliza mvua inavyopiga juu. Bibi akasema Bwana asifiwe. Mimi nikaona aibu kwa furaha.

Kisha ubao mmoja wa kati ukalia krrr.

Nilipanda. Juu kulikuwa na bwawa. Maji hayaendi popote, kwa sababu mbao zimelala sawasawa kabisa, hakuna upande ulioinama hata kidogo. Nimeyachota kwa sufuria, sufuria arobaini na mbili. Niliogopa kwamba ni dhambi kufanya kazi Ijumaa Kuu. Bibi alisema kuteka maji si kazi, ni maisha.

Ulezi unaonekana mnene zaidi. Labda ni macho yangu.

Jumamosi, 4 Aprili

Si macho yangu. Umeota. Punje zilizokuwa chini ya rezini zimekufa, lakini zile za juu zilikuwa zimeshachipua tangu kwenye gunia, zikapata bwawa, zikapata jua. Paa la kibanda ni la kijani. Lina manyoya laini kama kifaranga. Nilianza kung'oa saa kumi na mbili asubuhi. Saa nne nilikuwa sijamaliza hata ubao mmoja, na Mama alikuwa getini.

Amekonda kidogo. Kitenge kipya. Ananukia sabuni ya nyumba nyingine, hilo ndilo lililoniumiza, lakini chini yake kuna harufu ya mafuta ya cherehani, ileile. Nilisema shikamoo mara tatu. Akanishika mabega, akanipima kwa macho kama anavyowapima wateja, akasema, we Vene, umeniacha wapi, mbona umerefuka hivi?

Nilikuwa na hotuba mfukoni. Kurasa mbili. Nilikuwa najiandaa kuitoa wakati yeye alipoinua macho akaona paa.

Akauliza ni nini kile. Bibi akajibu kwa niaba yangu: togwa yako hiyo.

Mama akacheka. Akacheka mpaka akashika ukuta, akacheka mpaka akakaa kwenye kinu, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akaangalia tena, akaanza upya. Nilikuwa nimesahau kicheko hicho. Nilifikiri nakikumbuka, kumbe nilikuwa nakumbuka kingine, kidogo zaidi, cha kwenye simu.

Hotuba sikuisoma. Ilisema mambo ya miaka ishirini.

Jumapili, 5 Aprili. Pasaka

Baada ya misa na pilau Mama alisema nilete sketi ya shule. Nilikuwa nimeshafumua pindo tangu Januari, nikaishikiza kwa pini, nikiogopa kumpa fundi mwingine. Akazihesabu pini. Kumi na tatu.

Akakaa kwenye cherehani yake. Nikakaa kwenye kigoda mahali pangu. Mvua ikaanza. Miguu yake ikakanyaga, gurudumu likazunguka, sindano ikaenda, na juu yetu mvua ikipiga na ndani pakavu. Nilitazama saa ya ukutani nije kuandika kwa usahihi: ilikuwa kuanzia saa nane na dakika tano hadi saa nane na dakika ishirini. Robo saa nzima. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

Saa nane na dakika ishirini na moja tone likadondoka.

Moja tu. Kisha jingine. Linatoka kwenye maungio ya mbao mbili za kati, mahali nilipotandika mikeka ikakutana ncha kwa ncha, bila kupandiana. Philbert alisema vidole vinne kila upande. Nilidhani ni kwa viraka tu. Tone lilishuka likipita juu ya maneno yangu, likayabeba, likaanguka jeupe kama maziwa kwenye maua ya dhahabu ya cherehani. Jingine kwenye sketi.

Mama akaacha kukanyaga. Akainua macho. Kulikuwa kumebaki michirizi na nusu ya herufi moja. Akaniuliza kulikuwa kumeandikwa nini pale.

Nikasema hesabu.

Aliangalia pale kwa muda mrefu sana kwa mtu anayeangalia hesabu iliyofutika. Kisha akainuka, akaisukuma cherehani hatua mbili pembeni, akaifuta kwa kiganja, akamaliza pindo.

Jioni alinisuka nywele, na akiwa nyuma yangu, mahali ambapo sikuweza kumwona uso, aliongea. Alisema silo paa lililompeleka Mbeya. Alisema mtaa huu una mafundi wanne na wateja watatu. Alisema kule amepata kazi ya sare za shule nzima, mikono miwili na cherehani ya kuazima havitoshi. Alisema hata lingekuwa paa la kanisa kuu, angekwenda. Alisema hasahau mtu.

Nadhani alisema hivyo ili nisijisikie vibaya kuhusu paa.

Jumatatu, 6 Aprili

Philbert alikuja na mkokoteni wa mjomba wake. Tuliifunga cherehani kwa turubai langu la paa. Mama alimwuliza yeye ni nani, akasema yeye ni wa bampa, shikamoo. Mama akanitazama mimi. Nikatazama turubai.

Stendi kondakta alisema mzigo ule si wa buti, ni ng'ombe. Mama akamwambia, mwanangu, huyo ng'ombe ndiye aliyemsomesha huyu binti, mpandishe taratibu. Akampandisha taratibu. Mama alinikumbatia kwa haraka, kama mtu anayekata uzi kwa meno, akapanda. Alikaa upande wa dirisha nisilolifikia.

Kibandani kuna alama nne sakafuni, za miguu ya cherehani. Leo hakuvuji. Leo hakunyeshi.

Lakini! Nikiwa nafagia nimeona kwenye msumari nyuma ya mlango: futi kamba yake. Ameisahau. Fundi asiye na futi kamba! Nimeizungusha nikaiweka ndani ya soksi, chini ya godoro. Mtu akiacha kitu chake, atarudi.

Alhamisi, 9 Aprili

Shule imefunguliwa jana. Sketi inafika pale inapotakiwa kufika. Ina doa jeupe ambalo halijatoka, na mimi sijalisugua.

Mama amepiga. Cherehani imefika salama. Kuhusu futi kamba, hakuisahau. Aliiacha makusudi. Anataka nijipime kila mwezi, urefu, kiuno, mabega, nimtumie namba, ili akinishonea nguo inikae. Bibi amenipima leo. Urefu sentimita mia moja na sitini na mbili. Nimezituma namba zote. Akajibu kwamba nisile sana wali, kisha akatuma nyingine: nakutania, kula.

Akasema pia Desemba, shule zikifungwa, niende Mbeya nikakae naye mwezi mzima.

Halafu akasema jambo jingine, kwa kupitia tu. Ameiweka cherehani kwenye baraza la Mama mdogo Prisca. Pazuri, kuna mwanga. Ila mvua ikija na upepo kutoka mlimani, pembe moja ya bati inadondosha kidogo. Si kitu, amesema.

Januari pia ilikuwa si kitu.

Nimekwenda kibandani kuangalia vifaa vilivyobaki. Rezini: lita moja na robo. Mkeka: kipande kinachotosha pembe moja na zaidi. Hadena: zaidi ya nusu chupa. Rola ya Philbert, ambayo hajaja kuichukua, ingawa amepita hapa mara tatu. Mbao nyingine za darasa nitamwomba Mwalimu Clement. Nitazilaza sawasawa kabisa, maana baraza la watu haliwezi kuwa la kuinama.

Nimewaza jambo moja kwa muda mrefu, na nimesali pia. Nikilitengeneza vizuri lile baraza, Mama atakaa pakavu Mbeya miaka ishirini. Hilo ni zuri kwake. Nisipolitengeneza vizuri, ni dhambi. Basi nimeamua: nitalitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, kwa uwezo wangu wote, kwa uangalifu uleule niliotumia hapa nyumbani. Lolote litakalotokea, dhamiri yangu itakuwa safi.

Bibi ameniambia nimchukulie Mama kimea. Ataanza kuloweka ulezi Novemba, na ataanika juu ya kibanda, pana jua.

Mbeya ni baridi kuliko hapa. Nimeandika pembeni: hadena, vifuniko vitatu.

Kufikia mvua za Januari atakuwa amerudi.